Katamarani yangu imesimama kisa mvua, fundi anasema kweli?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mikindani, nimeagiza katamarani (boti ya bodi mbili) ya tanga futi 26 ya plaiwudi na epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu), nataka kutembezea wageni. Tulikubaliana miezi sita, huu wa tisa. Bodi zote mbili zimeshaungwa ila fundi kagoma kupaka epoksi mpaka mvua ziishe, na anataka hela yote iliyobaki sasa hivi. Ananizungusha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwenye epoksi yuko sahihi kabisa, kwenye hela mgomee.

Mvua zetu Mtwara zinapiga Desemba mpaka Aprili mfululizo, na unyevu wa hewani ukipita asilimia 85 hadina (ile dawa ya kugandisha inayochanganywa kwenye epoksi) inashikana na maji na hewa ukaa, juu ya epoksi kunatoka utando unateleza kama nta, ukipaka koti la pili juu yake bila kuosha kwa maji safi na kusugua basi ndani ya msimu mmoja rangi inabanduka kama ganda la muhogo. Mi nimeshawahi kubandua bodi nzima ya mteja kwa msasa kisa haraka ya wiki mbili, sitaki yakukute.

Mbao nayo iwe chini ya asilimia 12 ya unyevu. Usibishane na mtu, pima mwenyewe: omba kipande cha mbao ileile, kipime kwenye mzani mdogo wa dijitali, kiweke kwenye oveni nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena, halafu kilichopungua gawa kwa uzito mkavu. Mfano kilikuwa gramu 57 kikabaki 50, hapo imepungua 7, ni asilimia 14, bado. Na siku ya kupaka aanze alasiri joto linaposhuka, chini ya paa, maana asubuhi jua likipanda hewa iliyo ndani ya mbao inatanuka inatoa vipovu kwenye epoksi mbichi.

Ila sasa sikiliza, mvua haizuii kila kitu!! Mlingoti, usukani, tanga, kamba, hivyo vyote vinafanyika bandani mvua inanyesha. Ukienda pale ukakuta kimya, hakuna hata randa inayolia, hapo sio mvua tena, hela yako imeenda kwenye boti ya mtu mwingine.

Kitu kingine ambacho watu wanakiruka, kabla bimu (miti inayounganisha bodi mbili) hazijafungwa shika futikamba upime kona kwa kona, omo (mbele) ya bodi ya kushoto mpaka tezi (nyuma) ya kulia, kisha kinyume chake. Vipimo vilingane. Bodi zikipishana hata kidogo chombo kinavuta upande mmoja maisha yake yote na nahodha atachoka mikono, na ukishagandisha huwezi kurudi nyuma.

Hela lipa kwa hatua sio kwa kalenda: sehemu epoksi ikishakauka (ipe wiki nzima), sehemu bimu na mlingoti vikisimama, ya mwisho ikishaelea ghubani Mikindani na ngama (chini kabisa ndani ya bodi) imebaki kavu usiku kucha. Andikeni mbele ya shahidi.

Pima hicho kipande kwanza, unitumie namba uliyopata na picha ya pale bimu zinapokaa.