Alizeti nimeikausha mpaka 8%, mbona inakufa kwenye friji?

Swali: Mtaalamu, natunza aina kadhaa za alizeti. Nilizikausha mpaka unyevu 8% kama navyofanya mahindi, nikaziweka kwenye makopo ya plastiki ndani ya friji. Mwanzoni uotaji ulikuwa 92%, mwaka wa tatu umeshuka mpaka 55%. Mahindi yako poa tu. Nakosea wapi?

Jibu: Mkuu tatizo ni hiyo 8, na wala usijilaumu sana, hata mimi naanza hii kazi ya kutunza mbegu za mafuta nilikuwa nimekariri namba za mahindi.

Iko hivi, mafuta hayabebi maji. Chukua gramu 100 za alizeti yenye mafuta 45%, kwenye hizo gramu 45 maji hayaingii, kwa hiyo gramu zako 8 za maji zote zimejibana kwenye gramu 55 zilizobaki, piga hesabu 8 kwa 55 unapata kama 14.5%. Mahindi yana mafuta kama 4% tu kwa hiyo 8 yake ni 8 kweli. Yaani ni kama umehifadhi mahindi ya 14.5% alafu unategemea yakae miaka! Na ufuta una mafuta mengi zaidi, huko ndo balaa.

Ndo maana kwenye benki ya mbegu hatuhangaiki sana na asilimia ya unyevu ndani ya mbegu, tunaangalia unyevu wa hewa inayoizunguka. Viwango vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, vinasema kausha kwenye nyuzi 5 mpaka 20, unyevu wa hewa 10 mpaka 25%, unapima uzito mpaka uache kushuka, ikifika hapo unyevu wa alizeti utakuwa 4% hivi. Kama huna chumba cha kukaushia tumia silika jeli (zile punje za kufyonza unyevu), uzito sawa na wa mbegu, kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana na kipima unyevu humo humo ndani. Jua kali sitaki, mafuta yanaanza kuchacha mbegu ikiwa bado hai.

Makopo nayo badilisha. Hewa ya friji ina unyevu na plastiki inapitisha mvuke kidogo kidogo, kwa wiki huoni kitu ila kwa miaka utaona. Mifuko ya foili iliyozibwa kwa moto ndo sahihi, ikishakauka vizuri hata friza ya -18 inafaa. Siku ya kufungua uache kwanza mfuko upate joto la chumbani ukiwa bado umezibwa, la sivyo inatoka jasho na kazi yote imeharibika.

Kitu kingine, mbegu ikishakuwa kavu hivyo usiitumbukize moja kwa moja kwenye maji ukijaribu uotaji wake, hasa karanga na soya, maji yanaingia kwa kasi yanapasua seli alafu unahesabu kwamba imekufa kumbe umeiua wewe. Iweke siku nzima juu ya maji kwenye chombo kilichofunikwa, isiyaguse, inywe mvuke kwanza.

Hizo za 55% usizitupe ila usizirudishe kwenye friji pia, zipande msimu huu upate mbegu mpya. Vichwa vifunike kwa mifuko kabla havijachanua maana nyuki watakuchanganyia aina zote, uchavushe kwa mkono mmea kwa mmea ndani ya aina moja, na panda mingi, mimea mitano haitoshi.