Miliwati 1,200 zinatoka tundu lipi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Natafuta kifaa kidogo cha kuweka mezani, DAC (kigeuza sauti ya kidijitali kuwa mawimbi ya umeme) na amplifaya ya hedifoni ndani ya boksi moja, kinachotumia umeme wa USB ya kompyuta. Kuna kimoja nimekipenda. Karatasi yake inasema kinatoa miliwati 1,200 kwa omu 32 na miliwati 32 kwa omu 300, kinapokea biti 32 na kilohezi 768, na ukinzani wa tundu lake la kutolea sauti ni "chini ya omu 10". Kina matundu mawili, la kawaida na la balansi. Mimi natumia hedifoni za Sennheiser HD 650, na pia vipokea sauti vidogo vya kuingiza sikioni vyenye spika nne kila upande. Rafiki yangu anacho, anasema ukikilinganisha na tundu la kompyuta ni mbingu na ardhi. Nina multimita ya kawaida tu. Nitakipimaje kabla muda wa kurudisha haujaisha?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwa ufupi, HD 650 zitatosheka na kifaa hicho, hata kwenye tundu la kawaida. Kwa vile vidogo nina shaka nacho, na shaka yangu haihusu nguvu hata kidogo, inahusu hayo maneno "chini ya omu 10". Nitafika huko. Kwanza tuikague hiyo namba iliyokuvutia.

Chukua kikokotoo. Ukizidisha wati kwa omu, kisha ukatafuta kipeuo cha pili, unapata volti. Wati 1.2 mara omu 32 ni 38.4, na kipeuo chake ni volti 6.2. Fanya hivyohivyo kwa namba ya pili: wati 0.032 mara omu 300 ni 9.6, kipeuo chake volti 3.1. Umeona kitu? Ni nusu kamili. Amplifaya iliyoweza kusukuma volti 6.2 kwenye mzigo mzito wa omu 32 (omu chache huvuta mkondo mwingi zaidi) haina sababu ya kukwama kwenye volti 3.1 ikipewa mzigo mwepesi wa omu 300. Ingekuwa kinyume chake ningeelewa. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba namba hizo mbili zimepimwa kwenye matundu mawili tofauti. Tundu la balansi lina amplifaya mbili kwa kila upande, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, kama watu wawili kwenye msumeno mmoja, kwa hiyo volti huwa mara mbili na nguvu hufika hata mara nne. Miliwati 1,200 ni za balansi, miliwati 32 ni za tundu la kawaida. Tundu hilohilo la kawaida likipewa omu 32 litatoa kama miliwati 300, na balansi ikipewa omu 300 itatoa kama 128. Kila namba huenda ni ya kweli ikisimama peke yake. Aliyeziweka mstari mmoja bila kutaja tundu ndiye wa kuulizwa.

Kuna jambo lingine hapohapo. USB 2.0 inaruhusu volti 5 na amperi 0.5, yaani wati 2.5 basi. Pande mbili zikitoa wati 1.2 kila mmoja zimeshakula wati 2.4, na hapo DAC haijalishwa, wala hujahesabu joto linalopotea ndani ya amplifaya. Haiwezekani. Ama walipima upande mmoja, ama kifaa kina sehemu ya pili ya kuingizia umeme, ama namba hiyo ni ya kilele cha sekunde chache. Waulize wauzaji walipima vipi. Wakijibu kwa namba utajua unashughulika na watu makini, wakijibu kwa sifa utajua pia.

Lakini usikate tamaa, maana hizo miliwati 1,200 huzihitaji. HD 650 hutoa desibeli 103 kwa volti 1. Volti 3.1 zinaongeza karibu desibeli 10 juu yake, kwa hiyo tundu la kawaida linakufikisha kama desibeli 113. Ukisikiliza muziki kwa wastani wa desibeli 75 au 80, vilele vyake hata kwenye rekodi zenye kupanda na kushuka sana vitacheza karibu na 100. Umebakiwa na akiba ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo unakatika nusu. Anayetaka zaidi ya 113 anatafuta daktari wa masikio.

Sasa ukinzani wa kutolea sauti. Hapa ndipo vifaa vidogo vingi huharibu mambo kimyakimya, kwa sababu hakuna anayeuweka kwenye tangazo. Ukinzani huo na ule wa hedifoni hugawana volti. Kama ukinzani wa hedifoni ungekuwa sawa kwenye masafa yote, sauti ingepungua tu na ungepandisha kidogo, shida imeisha. Ila hauwi sawa. HD 650 zimeandikwa omu 300, lakini kwenye besi hupanda hadi karibu 500. Omu 10 mbele yake ni kitu kidogo: tofauti kati ya besi na sehemu nyingine inakuwa kama desibeli 0.1, hutaisikia.

Vile vidogo vya spika nne ni habari nyingine. Ndani yake kuna mzunguko wa kugawa masafa, na ukinzani wake hurukaruka. Tuseme unashuka hadi omu 8 sehemu moja na kupanda hadi 40 sehemu nyingine, jambo la kawaida kabisa kwa aina hiyo. Kwa tundu la omu 10, ile sehemu ya omu 8 inapoteza desibeli 7, ile ya omu 40 inapoteza desibeli 1.9. Tofauti ni desibeli 5. Hiyo si chumvi ya wapenda vifaa. Ni kama mtu amegusa ikwalaiza yako bila kukuambia. Kwa tundu la omu 0.5 tofauti hiyohiyo inabaki desibeli 0.4. Na kumbuka balansi huongeza ukinzani huo mara mbili, kwa hiyo kwa vile vidogo usiikimbilie.

"Chini ya omu 10" inaweza kuwa 0.3, inaweza kuwa 9.8. Kwa bahati nzuri hiki ndicho kipimo ambacho multimita yako inakiweza. Tafuta rizista ya omu 33 na waya wa jeki uliokatwa ili ufikie nyaya za ndani. Hedifoni ziweke pembeni. Cheza mlio mmoja usiokatika wa hezi 300. Mita nyingi za bei rahisi hupima volti za AC vizuri hadi kama hezi 400, zaidi ya hapo zinaanza kudanganya. Pandisha sauti hadi mita isome milivolti 500 bila mzigo wowote. Usiguse sauti tena. Sasa unganisha rizista kati ya waya wa upande mmoja na waya wa ardhi, yaani ule wa pamoja wa jeki, usome upya. Toa kipimo cha pili kutoka cha kwanza, zidisha kwa 33, gawa kwa kipimo cha pili. Ikisoma 384, basi 116 mara 33 gawa kwa 384 ni omu 10 kasoro kidogo, na kwa vile vidogo vyako kifaa hicho hakifai. Ikisoma 490 na kuendelea, ukinzani ni chini ya omu 1, uko salama. Kwenye tundu la balansi usiunganishe waya wa pande mbili pamoja, wala usifanye upande wake wa hasi kuwa ardhi. Unaweza kuunguza amplifaya.

Kelele ya chini kwa chini haipimwi na mita yako, lakini sikio linatosha. Vaa vile vidogo, chomeka, kama kifaa kina swichi ya kuchagua kiwango cha ukuzaji sauti (gain) iweke chini, simamisha muziki, kaa chumba kimya. Ukisikia "shshsh" ya kudumu isiyobadilika hata ukizungusha sauti, hiyo ni ya amplifaya yenyewe na haitaondoka. Ukisikia milio inayobadilika unaposogeza kipanya, hiyo inatoka kwenye kompyuta kupitia USB. Jaribu tundu jingine la USB, na kama ni kompyuta mpakato jaribu kuichomoa kwenye chaji. Hapohapo angalia kitufe cha sauti kikiwa karibu na sifuri: kwenye vitufe vya bei rahisi upande mmoja hutangulia mwingine, na kwa vipokea sauti vinavyolia kwa umeme kidogo kama hivyo ndiko utakakokuwa ukisikilizia kila siku.

Biti 32 na kilohezi 768 ziache. CD ni biti 16 na kilohezi 44.1, na tayari zinabeba sauti zote hadi kilohezi 20, ambako sikio la binadamu kijana linaishia. DAC nzuri kabisa zilizopo hazifikishi hata biti 24 kamili kwa sababu ya kelele ya umeme wenyewe. Hakikisha tu mfumo wako unakitambua kifaa: Windows 10 tangu toleo la 2017 inasoma vifaa vya USB vya aina hii bila programu ya ziada, macOS na Linux vilevile.

Kuhusu mbingu na ardhi. Rafiki yako huenda anasema kweli, kama tundu la kompyuta yake lina kelele au ukinzani mkubwa. Lakini mara nyingi nikiwakuta watu na maneno hayo, kifaa kipya kinacheza kwa sauti kubwa zaidi, basi. Sikio hupokea desibeli 1 ya nyongeza kama uwazi, kama besi iliyojaa, kama chochote isipokuwa sauti kubwa. Ukitaka kujua, sawazisha kwa mita: mlio uleule wa hezi 300, hedifoni zikiwa zimechomekwa, tundu la kompyuta na kifaa kipya vyote visome volti sawa. Milivolti 500 dhidi ya 505 inakubalika, hiyo ni chini ya desibeli 0.1. Kisha mtu mwingine akubadilishie bila wewe kuona, mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano wa kuwa umebahatisha ni chini ya 4 kwa 100. Ukipatia 9, hela yako ina kazi nyingine. Jaribio hili linachosha na wengi hulikwepa, wakiwemo wanaoandika tathmini ndefu za vifaa hivi.

Kitakapofika, kabla ya yote haya na kabla ya kuvaa chochote, washa kifaa kikiwa tupu, weka mita kwenye milivolti za DC na pima kila upande wa tundu la kawaida dhidi ya ardhi bila muziki. Chini ya milivolti 20 ni sawa. Ikizidi 50, usichomeke hedifoni. Kirudishe siku hiyohiyo.