Monita tatu na gemu kwenye OptiPlex 9020: soma pawa saplai kabla hujanunua kadi

Mkuu, umeuliza uchukue kadi gani ya grafiki kwa laki tatu. Mashine yako ni Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, ile ya kusimama, i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8. Mchana unataka monita tatu za kazi, usiku ucheze FIFA 23 na GTA V. Naona waliotangulia wamekutajia RX 580 bila hata kukuuliza ndani ya kesi kuna nini. Mimi nina 9020 kama hiyo hapa Tabata, natengenezea mabango na vipeperushi, na watu wa mtaani huniletea za kwao niwafungie kadi, kwa hiyo nitasema ninayoyaona kila siku.

Kwanza ondoa hofu ya monita tatu. Hata bila kadi yoyote, 9020 ina matundu ya monita mgongoni, DisplayPort mbili na VGA moja, na grafiki ya Intel HD 4600 iliyomo kwenye prosesa inaziwasha zote tatu kwa pamoja. Excel huku, Chrome kule, WhatsApp pembeni, haitetereki. Kinachokula nguvu ni gemu, na gemu utaichezea kwenye skrini moja. Ukitaka kuitandaza kwenye skrini zote tatu, kadi italazimika kuchora pikseli 5760 kwa 1080, yaani mara tatu ya kazi ya skrini moja, na kwa laki tatu hilo lisahau. Kwa hiyo unachotafuta ni kadi ya kucheza 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) kwenye monita moja, yenye matundu ya kutosha kwa zilizobaki.

Sasa fungua ubavu wa kesi usome kibandiko cha pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme kwa mashine nzima. Ya kusimama huja na wati 290, ile ndogo nyembamba wati 255, na hutakuta waya wa pini sita wa kulishia kadi. Maana yake kadi yako itakula umeme wa slot ya PCIe tu (ile inamochomekwa), na slot hiyo mwisho wake ni wati 75. RX 570 inataka wati 150, RX 580 inataka 185. Hapo mjadala wa RX umekwisha, hata ukiipata kwa bei ya kutupa.

Kuna mafundi watakwambia wana adapta inayochukua umeme kwenye waya wa SATA (ule wa kulisha hard disk) na kukupa pini sita. Usikubali. Kiunganishi cha SATA kimeundwa kubeba wati 54 hivi kwenye laini ya volti 12, na kadi yenye pini sita inaweza kuvuta 75 hapo. Nimeshaletewa mashine ambayo plagi hiyo imeyeyuka na kugandana na waya wake. Na ukiamua kubadili pawa saplai nzima, jua kwamba madabodi (ubao mkuu) ya 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24, inatumia ya Dell wenyewe ya pini 8. Utahitaji adapta ya kugeuza, na kwa bajeti yako hela hiyo bora iende kwenye kadi. (Wenye OptiPlex 7010 ya kusimama nyie mna afadhali, yenu ni pini 24.)

Ndani ya wati 75, mimi ningechukua GTX 1650 ya mtumba. Ilitoka 2019, ina GB 4 za kumbukumbu, na nyingi hazina tundu la umeme juu yake. Nimesema nyingi, kwa sababu zipo zilizotengenezwa na tundu la pini sita, hivyo igeuze uitazame kabla hujatoa hela. Kwangu GTA V kwenye 1080p inakaa juu ya fremu 60 kwa sekunde nikiacha mipangilio ya juu na kuzima madoido mazito, na FIFA haisumbui kabisa.

Hela ikipungua, shuka kwenye GTX 1050 Ti. Ni ya 2016, nayo GB 4, nayo wati 75, na FIFA 23 inaitaja kama kiwango chake cha chini. Kasoro yake ni umri. Nvidia, wenye kadi hizi za GTX, walisimamisha drava (programu za kuendesha kadi) za gemu mpya kwa kizazi hicho Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu hadi Oktoba 2028. Kwa gemu ulizotaja haikuumizi, lakini ukiwa mtu wa kukimbilia kila gemu linalotoka, 1650 ndiyo ina maisha.

RX 6400 utaiona nayo, wati 53 tu, inavutia. Ina matundu mawili pekee, inatumia njia nne za PCIe kwa hiyo kwenye mashine ya zamani kama yako inapoteza sehemu ya kasi, na haina kifaa cha kurekodi video ndani yake. Anayerekodi gemu zake kupeleka YouTube aipite. GT 1030 matundu mawili vilevile, na kuna aina mbili zenye jina moja: ya GDDR5 na ya DDR4. Ya DDR4 ina kumbukumbu ya polepole mno, na muuzaji hatakwambia. GT 730 mpya ya kwenye boksi, ile inayong'aa kwenye kabati za vioo, iache iendelee kung'aa.

Kama gemu kwako ni jambo la Jumapili na kazi ndiyo kubwa, kuna njia ambayo watu hawaifikirii: kadi za ofisini kama Quadro P1000 au T600. Ndogo, hazifiki wati 50, zinaingia hata kwenye kesi nyembamba, na zina matundu manne ya mini DisplayPort. P1000 inacheza gemu chini kidogo ya 1050 Ti. Gharama iliyojificha ni adapta: kila monita itataka ya kwake.

Hapa kwenye adapta ndipo bajeti za watu hufia. Monita nyingi za mtumba hapa mjini ni za VGA au DVI, na kadi za Nvidia tangu kizazi cha GTX 1000 hazitoi tena mawimbi ya VGA. Kile kiplastiki cha bei poa cha kugeuza DVI kuwa VGA hakiingii, kwa sababu tundu la DVI-D la kadi hizo halina vile vitundu vinne vya pini vya pembeni. Unahitaji kigeuzi chenye chipu, kutoka DisplayPort au HDMI kwenda VGA. Au fanya nilivyofanya mimi: monita ya VGA ibaki kwenye madabodi, mbili nzuri ziende kwenye kadi. Bonyeza F2 mashine inapowaka, ingia kwenye mipangilio ya Dell, sehemu ya Video, washa Multi-Display, vinginevyo Dell inazima matundu ya madabodi ikishaona kadi. Kisha kwenye Windows ifanye monita iliyo kwenye kadi kuwa kuu. Anayelalamika kwamba ameweka kadi na gemu bado inakwama, mara nyingi waya wa monita anayochezea umebaki kwenye tundu la madabodi.

Usiimalize laki tatu yote kwenye kadi. Angalia kama hizo GB 8 ziko kwenye kipande kimoja. Kama ni kimoja, ongeza cha pili cha DDR3 kinachofanana nacho, prosesa isome viwili kwa pamoja. Chrome ikiwa wazi kwenye monita mbili na gemu kwenye ya tatu, GB 8 zinajaa upesi, na kukwamakwama kwake watu huisingizia kadi.

Halafu feki. Mpwa wangu aliagiza mtandaoni "1050 Ti" kwa bei iliyoufurahisha ukoo mzima. Ilipofika nikaona ina tundu la VGA, nikajua kapigwa. 1050 Ti halisi haina VGA, hiyo ni kadi ya miaka mingi nyuma iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijitangaze kwa jina jipya. Windows yenyewe inaamini. GPU-Z, programu ndogo ya kusoma kadi ni ipi, ndiyo haidanganyiki kirahisi: tangu toleo la 2.12 inaandika FAKE mbele ya jina la kadi ya Nvidia iliyochakachuliwa. Ni faili moja tu, haihitaji kusakinishwa, iweke kwenye flashi uende nayo Kariakoo.

Ukifika dukani omba kadi ifungwe kwenye mashine yao. Fungua GPU-Z kwanza, halafu FurMark, programu ya kuikamua kadi, kwa dakika kumi na tano hivi, huku ukitazama joto na kusikiliza feni. Alama za rangi zikianza kuruka kwenye skrini, mara nyingi ni kumbukumbu ya kadi inakufa. Jaribu kila tundu, sio HDMI tu, maana wewe monita zako ni tatu. Duka likikataa kukuwashia, nenda la jirani.

Ukishafungua kesi weka hapa picha ya kibandiko cha pawa saplai na ya mgongo wa kila monita, nikuambie waya na adapta za kununua kabla hujapanda gari.