Krismasi ya Wamisionari Ujerumani Wakati wa Lokdauni: Mmeuliza, Tunajibu

Jumatano ya 16 Desemba 2020 maduka mengi na shule zilifungwa Ujerumani kwa sababu ya korona, na tangazo la kwanza lilisema hadi 10 Januari 2021. Makanisa hayakufungwa, ila ibada zilikuwa na masharti. Barua nyingi tulizopokea zilitoka kwa wachungaji, wainjilisti na familia zao waliotumwa huko na makanisa yetu. Barua na majibu haya ni ya Krismasi hiyo ya 2020, na kanuni zinazotajwa ni za wakati ule.

Bwana Yesu asifiwe. Naishi peke yangu katika chumba cha misheni. Nasikia Krismasi unaruhusiwa kuongeza watu wanne wa familia, nami sina ndugu hapa. Nitakula sikukuu peke yangu? – Mwinjilisti, Wuppertal

Asifiwe sana, Mwinjilisti. Hapana, hutakula peke yako. Hizo ni kanuni mbili tofauti. Ile ya watu wanne ni nafuu ya tarehe 24 hadi 26 Desemba 2020, na inahusu jamaa wa karibu tu. Wewe inakuhusu kanuni ya kila siku ya Desemba 2020: kaya mbili, watu wasiozidi watano, watoto wa hadi miaka 14 hawahesabiwi. Kwa hiyo mume na mke wa usharika wako na watoto wao wadogo wanaweza kukukaribisha bila kuvunja sheria. Wengi wanakosea hapa: wamisionari wawili wanaoishi nyumba tofauti wakienda pamoja kwa familia ya tatu, hizo ni kaya tatu, hata kama watu wenyewe ni wanne. Gawaneni, mmoja aende tarehe 25 na mwingine 26. Majimbo hayafanani, na jimbo la Sachsen lilifunga mapema zaidi, 14 Desemba, kwa hiyo soma tangazo la wilaya yako.

Nunua chakula mapema. Alhamisi ya tarehe 24 Desemba 2020 maduka yanafungwa mchana, Ijumaa na Jumamosi ni sikukuu, kisha inafuata Jumapili. Utapata duka tena Jumatatu tarehe 28.

Kwaya yetu ya Kiswahili ilijaribu kuimba kwa Zoom pamoja na washarika wa nyumbani. Ikawa vurugu tupu. Tulipie intaneti yenye kasi zaidi? – Mwalimu wa kwaya, Bielefeld

Msitupe fedha, Mwalimu. Tatizo si kasi. Sauti inachelewa kidogo njiani, kila mwimbaji anamsikia mwenzake baadaye, naye anamsubiri. Wote wakisubiriana, mwendo unazidi kupungua hadi wimbo unakatika. Juu ya hayo, programu huichagua sauti moja na kuzipunguza nyingine, na ngoma au kayamba inaichukulia kama kelele na kuifuta. Hakuna kifurushi kinachoondoa mambo hayo.

Mkitaka kuimba moja kwa moja, aimbe mtu mmoja, na mpiga kinanda awe wa nyumba hiyohiyo. Awashe kwenye mipangilio ya sauti kile kipengele cha kupeleka sauti ya asili bila kuchujwa. Wengine wote wazime vipaza sauti na waimbe kwa nguvu majumbani mwao. Krismasi ya 2020 Zoom iliondoa kikomo cha dakika 40 kwa akaunti za bure kuanzia 23 hadi 26 Desemba. Saa kumi jioni ya Ujerumani ni saa kumi na mbili jioni Tanzania, lakini Bukavu na Lubumbashi, Kongo, ni saa kumi na moja. Andikeni saa zote kwenye mwaliko.

Mkitaka sauti nne kamili, rekodini. Mwalimu arekodi kinanda na sauti ya kuongoza, aanze kwa kuhesabu hadi nne. Kila mwimbaji asikilize kwa simu moja, kwa visikizio vya waya (vile visivyo na waya huchelewesha), na ajirekodi kwa simu ya pili. Kwenye hesabu ya nne kila mmoja apige kofi moja kali: anayeunganisha atapanga makofi yote yaangukiane, na sauti zitafuatana zenyewe. Programu ya kuunganisha sauti ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodini chumba cha kulala, kwa sababu magodoro na mapazia hunywa mwangwi. Jikoni mtasikika kama mko ndani ya pipa. Nyumbani wapelekeeni sauti tu bila video. Wimbo wa dakika nne kwa MP3 ya kilobiti 96 ni kama megabaiti tatu, na bibi aliye kijijini ataufungua bila kumaliza bando.

Kwa nini ibada iruhusiwe, kuimba kukatazwe? Mkesha usio na nyimbo ni mkesha gani? – Mzee wa kanisa, Dortmund

Uchungu wako tunauelewa, Mzee. Machi 2020 kwaya moja ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi. Walikuwa watu 61 na 53 wakaugua korona, wawili wakafariki. Mwimbaji hutoa matone mengi madogo ya mate kuliko anayeongea, nayo huelea ndani ya chumba kilichofungwa.

Kama wilaya inaruhusu, fanyeni mkesha uani, dakika 25 zisizozidi, kila kaya mita moja na nusu mbali na nyingine. Tarumbeta zipige beti, na msomaji mmoja asome maneno kabla ya kila ubeti. Washarika wetu wa Kilimanjaro wanazijua tarumbeta za kanisani vizuri. Wajerumani ndio waliozileta. Majina na simu za waliohudhuria ziandikwe kwenye vikaratasi, si daftari moja linalopita mkono kwa mkono.

Watoto wa shule ya Jumapili tuwafanyie nini? – Mama Mchungaji, Herrnhut

Mama, huko ulipo ndiko walikotoka Wamoravian, basi wapeni mshumaa wao. Mwaka 1747, huko Marienborn, Ujerumani, mchungaji wa Wamoravian Johannes von Watteville aliwagawia watoto mishumaa midogo iliyofungwa utepe mwekundu. Kata karatasi laini nyekundu, upana sentimita 5, urefu 20. Ichanechane ukingo mmoja hadi katikati, uizungushie mshumaa kwenye theluthi ya chini na kuibana kwa uzi. Isipande juu, itashika moto. Chini hapo itazuia nta isichome vidole.

Tia mshumaa, kipande cha mkate mtamu na andiko moja kwenye mfuko wa karatasi, uache mlangoni, bonyeza kengele, rudi nyuma hatua chache ili muonane. Wote wawashe saa kumi na moja jioni ya tarehe 24, giza limeshaingia. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano simika mshumaa kwenye kopo lenye mchanga, na mzazi asitoke chumbani.