Diski ya ofisi inalia tik-tik: nitahamishaje kila kitu kwenye SSD?

Swali

Fundi, hujambo? Mimi ni mhasibu wa shule ya upili hapa Vihiga. Kompyuta ya ofisi ni Dell OptiPlex 780 ya zamani yenye Windows 10 na hadi diski ya GB 500, na zilizotumika ni GB 90 tu. Siku hizi inachukua muda mrefu kuwaka, na mara kwa mara naisikia ikilia tik-tik. Programu ya karo iliwekwa na kijana ambaye simu yake haipatikani tena, na CD yake hatuna, kwa hivyo siwezi kukubali kufomati. Nilinunua SSD (diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka) ya GB 240 Kisumu nikajaribu kunakili kwa Clonezilla, programu ya bure ya kunakili diski, ikakataa ikisema diski mpya ni ndogo. Nifanyeje?

Jibu

Sijambo, dada. Ukubwa wa SSD tutaumaliza bila shida. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo tik-tik, na nakuomba usijaribu tena kunakili kabla hujajua hali ya diski yenyewe.

Ndani ya hadi diski mna sahani zinazozunguka, aghalabu mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachopita juu yake bila kuzigusa. Kichwa kikishindwa kusoma mahali hurudi nyuma na kujaribu tena na tena. Mara nyingi mlio ni huo. Ukianza kunakili diski nzima, unakilazimisha kichwa kile kile kilichochoka kufanya kazi mfululizo bila kupumzika. Diski nyingi dhaifu huzimikia hapo hapo katikati ya kazi.

Kwa hivyo leo, kabla ya jambo jingine lolote, okoa rekodi za karo. Bofya ikoni ya programu kwa kitufe cha kulia uone inakaa kwenye folda gani, funga programu kabisa, kisha nakili folda yote kwenye flashi. Angalia pia folda ya ProgramData iliyo ndani ya C, ambayo kwa kawaida hufichwa. Programu nyingi za hesabu huweka data yake huko. Chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine uhakikishe faili zipo na hazina ukubwa wa sifuri.

Sasa pima afya. Weka CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya diski, na utazame mistari mitatu: 05, C5 na C6. Wa kwanza unahesabu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) mbovu ambazo diski imekwisha kuzibadilisha, wa pili sekta zinazoshukiwa, wa tatu zile zilizoshindikana kusomeka. Ukiona rangi ya buluu na mistari hiyo yote ni sifuri, huenda ubovu uko kwenye kebo au umeme. Ikiwa ni njano au nyekundu, hasa C5 ikiwa inapanda kila siku, diski inakufa.

Tuseme diski ina afya. Clonezilla kwa kawaida hukataa diski mpya iliyo ndogo kuliko ya zamani, hata kama data ni kidogo, kwa sababu inatazama ukubwa wa diski wala si ukubwa wa faili zako. Njia rahisi ni kutumia programu ya kampuni iliyotengeneza SSD yako. Samsung, Crucial, WD na Seagate hutoa ya bure, nayo hupunguza yenyewe sehemu za diski mradi data inaenea. Ikiwa SSD yako haina programu, ingia Disk Management ya Windows upunguze C hadi GB 180 hivi. Windows ikigoma kupunguza kiasi hicho, zima kwanza hali ya kulala (hibernation) kwa amri powercfg /h off, maana faili yake haisogezwi. Kama kuna sehemu nyingine baada ya C, kule mwisho wa diski, usiendelee. Mwite fundi aisogeze. Kama hakuna, rudi Clonezilla, chagua hali ya kitaalamu na uweke alama kwenye -icds ili isipime ukubwa.

Ikiwa diski ni mgonjwa, mambo hubadilika kabisa. Usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kurekebisha diski, kwa kuwa huandika juu ya diski ambayo unataka isomwe tu. Chombo chake ni ddrescue, programu ya kuokoa data, kinachoendeshwa kutoka Linux ya kwenye flashi. Husoma kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huacha zilizo mbovu hadi mwisho, na ukikipa faili ya kumbukumbu iliyo kwenye flashi nyingine, stima ikipotea unaendelea pale ulipoachia. Lakini hapo GB 240 haitoshi, wala 480 haitoshi. Diski ya GB 500 ina sekta 976,773,168, na mpya lazima iwe nazo zote au zaidi. Kazi hii mpe fundi aliyewahi kuifanya, na umuulize waziwazi kama anaijua ddrescue. Anayekujibu kwa kukimbilia kufomati, chukua kompyuta yako uende kwingine.

Kuunganisha kwenye mashine hiyo si kazi kubwa: chomoa DVD, uazime kebo yake ya data na ile ya umeme, uziingize kwenye SSD. Kabla ya kubonyeza ndiyo ya mwisho, soma tena ni diski ipi inatoka na ipi inaingia. Linganisha ukubwa na namba iliyo kwenye kibandiko. Ukizigeuza, utaijaza diski yenye karo utupu wa ile mpya.

Anza asubuhi. Ninyi mnaoishi karibu na ziwa mnajua radi za alasiri, na kompyuta ya mezani haina betri. Kama shule ina UPS (betri ya akiba ya stima), itumie. GB 90 kutoka diski yenye afya huweza kumalizika ndani ya saa moja.

Ikimaliza, zima, toa diski ya zamani, na uiweke SSD kwenye kebo ya ile ya zamani. Usiwashe zote mbili pamoja, maana zina utambulisho mmoja na Windows inaweza kuchanganyikiwa. Kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) usibadilishe AHCI kuwa IDE au kinyume chake, yaani namna kompyuta inavyowasiliana na diski; Windows inaweza kugoma kuwaka ikuonyeshe skrini ya buluu yenye 0x7B.

Kisha fungua programu ya karo na uchapishe risiti moja ya majaribio. Baadhi ya programu hufunga leseni kwenye namba ya kiwandani ya diski, na namba hiyo hainakiliki. Ikidai leseni, bado una diski ya zamani. Iandike tarehe, uifungie kabatini hadi muhula uishe. Usiiuze wala kuitupa kabla ya kuifuta kabisa: ina majina ya wanafunzi na simu za wazazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaibana shule kuhusu hizo.

Jambo la mwisho, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na OptiPlex 780 haimo kwenye orodha ya mashine za Windows 11. Ikiwa programu ya karo haihitaji intaneti, chomoa kebo ya mtandao, na barua pepe za shule zifunguliwe kwenye kompyuta nyingine.