Jaketi la rifleksa kwa bodaboda: ni lazima kweli?

Waalaikum salaam, mdogo wangu. Umeuliza kwa nini ulazimishwe kuvaa jaketi la rifleksa na joto hili la Malindi, ilhali taa ya pikipiki inawaka. Sheria haikukuachia hiari: tangu marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya 2012, dereva na abiria wote wavae helmeti na jaketi lenye rifleksa. Nami naiunga mkono kwa moyo wote.

Huku kwetu magharibi ikiingia tu, giza limeshatanda. Ukitoka Gede kurudi mjini, dereva wa matatu nyuma yako anaona kitaa kimoja kidogo, na mara nyingi gunia la nazi limekiziba. Ile mikanda ya rangi ya fedha kwenye jaketi humrudishia mwanga wa taa zake mwenyewe, akajua mbele kuna mtu. Rangi ya njano peke yake hufaa mchana. Usiku haitoshi kabisa. Kwa hiyo ikague mikanda kabla ya kununua, na ikichakaa badilisha.

Joto nalielewa. Chukua kizibao chepesi cha wavu chenye mikanda hiyo, uvae juu ya fulana. Ila kifunge, maana kikiachwa wazi hupeperuka na mikanda ya mbele haionekani. Na cha abiria usikiache nyumbani.