Debian ya biti 32 kwenda biti 64: sakinisha upya

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuihamisha Debian 12 yako (mfumo endeshi wa Linux) ya i386, yaani biti 32, kwenda amd64, yaani biti 64, bila kufuta kitu, kwa kuwa Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kerneli (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha i386. Kwanza hakikisha prosesa yenyewe inakubali: andika amri ya lscpu kwenye terminali uone kama inataja 64-bit. Isipotaja, baki na 12.

Njia ya kuhamia ndani kwa ndani ipo. Unaongeza amd64 kwa amri ya dpkg --add-architecture, unaweka kerneli ya biti 64, kisha unabadilisha dpkg na apt (vyombo vya kusakinisha programu) pamoja na maktaba zake, yaani faili za msimbo vinazozitegemea. Hatari iko hapo katikati: apt ikikwama maktaba zikiwa nusu huku nusu kule, huna chombo cha kujiokolea. Niliwahi kukesha na mashine ya namna hiyo, na kulipokucha nikasakinisha upya vilevile.

Kwa hiyo sakinisha upya. Nakili /home (faili zako) na /etc (mipangilio ya mfumo) kwenye diski ya nje, uhifadhi na orodha ya vifurushi (programu) ulivyosakinisha mwenyewe kwa apt-mark showmanual. Usiirudishe /etc yote; chukua faili ulizozihariri mwenyewe tu.

Jambo moja nakusihi sana: kama una hifadhidata ya PostgreSQL, usibebe faili zake ghafi, maana seva ya biti 64 haitazisoma. Toa data kwa amri yake ya pg_dumpall kabla hujagusa chochote, na ujaribu kuirudisha kwenye mashine nyingine kwanza.